Maumbile na Desturi katika Nchi ya Kipsigis

Katika mwaka wa 2011 kesi moja ya mirathi ililetwa mbele ya Mahakama Kuu ya Kenya, ilipoketi Mombasa. Mwanamke mmoja wa Nandi alikuwa amefariki, na pande mbili zikaja kuidai mali aliyoiacha. Upande mmoja walikuwa watu wa jamaa yake. Upande wa pili alikuwa mwanamke mwingine, mdogo wake kwa umri, aliyesema maneno ambayo huenda yalimshangaza karani wa mahakama: kwamba yeye hakuwa dada wa marehemu, wala binti yake, wala mtumishi wake, bali alikuwa mke wake, na kwamba wana aliowazaa ni wana wa marehemu. Jaji J. B. Ojwang aliusikiliza ushahidi juu ya mila za Wanandi, akaamua kwamba ndoa ile ilikuwa ndoa halali kwa mila hizo, na kwamba mjane yule na wanawe ndio waliostahili kutangulia katika urithi.

Hukumu hiyo yafaa isomwe na kila mwanafunzi wa historia, kwa sababu inagusa swali ambalo wataalamu wa dunia wanalibishania kwa ukali. Je, kuwa mwanamume au mwanamke ni jambo la maumbile, au ni jambo lililobuniwa na watu? Wako wasemao kwamba mwili umekwisha kuamua yote, na kwamba desturi hufuata mwili kama kivuli kimfuatavyo mtu. Wako wasemao kwamba yote ni mapatano ya watu, mithili ya noti ya benki, ambayo ni karatasi tu mpaka watu wakubaliane kuiita fedha. Mabishano hayo kwa kawaida hufanywa kwa mifano ya Ulaya na Marekani. Sisi tuishio katika nchi ya chai, Kericho na Bomet, hatuna haja ya kuazima mifano. Wanandi na Wakipsigis ni ndugu wa lugha moja na mila moja, na ile desturi iliyotajwa mbele ya jaji Mombasa ni desturi iliyokuwa ikitendeka Roret, Litein, Kapkatet na Sotik tangu zamani, tena haijakoma.

Ili kuifahamu desturi hiyo, msomaji hana budi kwanza aifute chai katika macho yake. Mtu afikaye Roret siku hizi huona vilima vilivyovikwa majani mabichi, mistari ya michai iliyokatwa sawasawa, na wachumaji wenye vikapu mgongoni. Haya yote ni mageni. Mababu walikuwa na wimbi, na zaidi ya wimbi walikuwa na ng'ombe. Ng'ombe ndiye aliyelipa mahari, aliyefanya amani, aliyemfanya mtu aitwe mtu. Na ng'ombe hao hawakuwa wa mume kwa namna tunayodhani sisi. Mwanamume mwenye wake watatu alikuwa na nyumba tatu, na kila nyumba ilikuwa na ng'ombe wake waliotengwa kwa ajili yake. Ng'ombe wa nyumba ya mke mkubwa waliwaendea wana wa mke mkubwa. Wa nyumba ya mke mdogo waliwaendea wana wa mke mdogo. Mahari iliyopokewa kwa binti wa nyumba moja haikuweza kuchukuliwa hivi hivi kumwolea kijana wa nyumba nyingine. Mume alikuwa mlinzi wa mali hizo, lakini hakuwa huru kuzichanganya apendavyo.

Sasa fikiri juu ya nyumba isiyo na mtoto wa kiume. Mama amezeeka, tumbo limefunga, pengine ana mabinti watatu waliokwisha kuolewa katika koo nyingine, pengine hana mtoto hata mmoja. Ng'ombe wako zizini, nao ni wa nyumba yake. Nani atawarithi? Wana wa mke mwenzake wanawatazama ng'ombe hao kwa jicho ambalo kila mtu analifahamu. Akifa, nyumba yake inazimika kama moto uliokosa kuni, na jina la mumewe kwa upande ule linakatika.

Hapo ndipo desturi ilipomfungulia mlango. Mwanamke huyo aliruhusiwa kutoa ng'ombe wa nyumba yake, akaenda kuposa msichana, akalipa mahari kwa wazazi wake kama alipavyo mwanamume, na harusi ikafanywa kwa taratibu za harusi. Tangu siku hiyo yeye alikuwa mume, na yule msichana alikuwa mkewe. Katika lugha ya wenyeji ndoa hii huitwa kitum chi toloch. Mke huyo alizaa watoto na mwanamume ambaye nyumba ilimkubali, lakini mwanamume huyo hakuwa baba wa watoto kwa sheria. Hakuwa na neno juu yao, hakupokea mahari ya mabinti, hakurithisha. Watoto walikuwa wa nyumba ile, wa oret ile, yaani ukoo wa yule mzee aliyemwoa mama mkubwa zamani, hata kama mzee mwenyewe alikuwa amekufa miaka mingi kabla hawajazaliwa.

Yafaa kusema wazi jambo moja, kwa sababu wageni wengi hulikosea, na baadhi ya magazeti hulikosea kwa makusudi. Ndoa hii haikuwa mapenzi ya mwili kati ya wanawake wawili. Wazee hukasirika wakiulizwa hivyo. Ilikuwa ni ndoa ya nyumba, ya ng'ombe na ya jina. Wala si Wakipsigis na Wanandi peke yao walioifahamu. Wakamba wanayo, nao huiita iweto. Wakuria wa Tarime, upande wa Tanzania, huiita nyumba ntobhu. Wanuer wa Sudani Kusini walikuwa nayo pia. Kwa hiyo si kioja cha kijiji kimoja. Ni jibu ambalo watu wengi wa Afrika, wakiwa mbali mbali, walilipata kwa swali moja.

Lakini je, mwanamke yule aliyeoa aligeuka mwanamume kweli? Swali hili liliulizwa na mtaalamu wa Kimarekani, Regine Smith Oboler, aliyekaa Nandi katika miaka ya 1970, naye akalifanya kuwa kichwa cha makala yake aliyoichapisha mwaka 1980. Alipowauliza watu walimjibu bila kusita: ndiyo, huyu ni mwanamume. Lakini alipotazama maisha ya kila siku aliona mambo mengine. Wanawake wengi wa namna hiyo waliendelea kuvaa kama wanawake, na kufanya kazi nyingi za wanawake, na katika mambo mengi hawakuwa sawa na wazee wa kiume. Ilipofika habari ya mali, mahari na urithi, hapo watu walisimama imara: huyu ni mwanamume, asiguswe. Oboler akaona kwamba uanaume ule ulishikiliwa pale ulipohitajika, nao ulihitajika kwa sababu moja. Kwa kanuni ya nchi mali ya nyumba hushikwa na kurithishwa na mwanamume. Mwanamke alikuwa ameishika. Basi ilibidi aitwe mwanamume.

Hapo, kwa maoni yangu, ndipo penye kiini cha habari yote, nami naomba msomaji asipite upesi. Wako wanaoisifu desturi hii kana kwamba ilikuwa uhuru wa wanawake. Naam, ilimpa mama mzee heshima na ulinzi, nasi hatuna haki ya kuidharau. Alikuwa na sauti, alikuwa na wajukuu wa kumchotea maji, na wana wa mke mwenzake walinyamaza. Lakini tazama jinsi ilivyofanya kazi. Kanuni ilisema kwamba mwanamke harithishi. Palipotokea mwanamke mwenye mali na asiye na mwana, watu hawakusema, "Basi kanuni hii haifai." Walisema, "Basi huyu si mwanamke." Badala ya kuibadili kanuni ili imfae mtu, walimbadili mtu ili aifae kanuni. Kanuni ikabaki nzima kama mtungi ambao haukuguswa.

Tena tusimsahau yule wa pili, ambaye vitabu humtaja kwa ufupi. Msichana aliyeolewa na mwanamke mara nyingi hakutoka katika nyumba yenye nguvu. Pengine wazazi wake walikuwa maskini, pengine alikwisha kuzaa nyumbani kwao na vijana wakamkwepa. Je, aliulizwa? Zamani hata wasichana walioolewa na wanaume hawakuulizwa sana, kwa hiyo si haki kuilaumu ndoa hii peke yake. Wako walioipenda kwa kuwa haikuwa na mume mlevi wa kuwapiga. Lakini yeye hakupandishwa cheo na mtu yeyote. Alibaki mwanamke, wa kuzaa na kulima.

Basi neno "mume" halikuwa jina la mwili, lilikuwa jina la nafasi. Hili laonekana pia katika mambo mengine ya Wakipsigis, na kubwa kuliko yote ni jando. Kwa fikira za wazee, mtoto hakukua akawa mwanamume kama mche ukuavyo ukawa mti. Alifanywa. Alitahiriwa, akatengwa na watu kwa muda mrefu, akafundishwa, akatoka akiwa na jina la rika lake. Majina hayo ya marika huzunguka: Maina, Chumo, Sawe, Korongoro, Kaplelach, Kimnyige, Nyongi, kisha duara huanza tena, na mtu aliyezaliwa leo aweza kuingia katika rika lenye jina la babu wa babu yake. J. G. Peristiany, ambaye kitabu chake juu ya Wakipsigis kilichapishwa London mwaka 1939, aliyaeleza marika hayo kwa urefu, kwa kuwa aliona ndiyo mifupa ya nchi. Mwanamume wa miaka thelathini asiyetahiriwa, hata awe na ndevu na nguvu za fahali, alikuwa bado mtoto, na wanawake walimcheka.

A. C. Hollis, afisa wa Kiingereza aliyechapisha kitabu juu ya Wanandi mwaka 1909, aliandika jambo ambalo huwashangaza wasomaji hata sasa. Kabla ya kutahiriwa, vijana wa kiume walipewa mavazi na mapambo ya wasichana, wakayavaa; nao wasichana, ilipofika zamu yao, walivaa mavazi ya wapiganaji. Kwa nini? Kila mtaalamu ana maelezo yake, nami sitaki kuongeza yangu kwa kishindo. Laonekana tu kwamba kwa macho ya wazee mtoto alikuwa hajawa upande wowote kamili. Aliruhusiwa kuuvaa upande wa pili mara moja, kwa kuuaga, kabla ya kuingizwa katika upande wake.

Hata majina yana hadithi. Mwalimu mgeni akiletwa katika shule za kwetu hufundishwa siku ya kwanza kwamba Kip- ni mvulana na Chep- au Che- ni msichana: Kiprono ni kijana, Cherono ni binti. Hufurahi kuona lugha yenye utaratibu mzuri namna hiyo. Kisha huita katika daftari, "Cheruiyot!" na "Chepkwony!" na wavulana wawili warefu husimama nyuma ya darasa.

Serikali ya kikoloni ilipoingia ilikuja na kipimo chake. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, na baada ya vita vya kwanza vya dunia ikaanza kutumika: kila Mwafrika wa kiume aliyekisiwa kuwa ametimiza miaka 16 alitakiwa kuchukua kipande. Afisa alikuwa hana cheti cha kuzaliwa cha kumtazamia. Alimtazama kijana usoni na kimo, akaamua. Hivyo iliwezekana kijana mmoja awe mtoto nyumbani kwao, kwa kuwa jando la rika lake lilikuwa halijafunguliwa, na awe mwanamume mezani pa afisa, wa kuandikwa alama za vidole na kwenda kufanya kazi katika mashamba ya Kericho. Mwili ulikuwa ule ule. Nyumbani waliutaka kwa ajili ya rika, na afisini waliutaka kwa ajili ya kodi na kazi.

Serikali hiyo hiyo ilidhani kwamba kabila pia ni jambo la mwili, kama rangi ya ng'ombe. Wakipsigis iliwaita Walumbwa, jina ambalo wenyewe hawakujiita, ikawachorea mpaka katika ramani. Lakini wazee wajua kwamba ndani ya koo za Wakipsigis wamo watu wengi waliotoka kwa Wakisii na kwa Wamasai, wengine kwa njaa na wengine kwa vita, wakapokewa kwa sherehe, wakapewa oret, wakawa Wakipsigis. Na jina Kalenjin, ambalo leo hutajwa kana kwamba lilishuka pamoja na Adamu, lilianza kutumika kwa kabila zote za ndugu hawa katika miaka ya 1940 tu, kwa kazi ya wanafunzi na ya watangazaji wa redio.

Baada ya kusoma haya kijana mwenye akili nyepesi ataruka na kusema: basi, yote ni maneno ya watu, mwili si kitu! Hapana. Turudi tena kwa yule mama mzee wa Roret. Desturi ilimpa jina la mume, ikampa mahari ya kulipa na haki ya kuitwa mzazi. Haikuweza kumpa mbegu. Ilibidi atafutwe mwanamume wa kuzaa na mkewe, na hata aliyeikubali desturi kwa moyo wote hakudhani vingine. Wala haikuweza kulirudisha tumbo lake la ujana; na ndiyo sababu aliingia katika ndoa ile. Desturi nzima ilijengwa juu ya miili ambayo haikubali amri, kama nyumba ijengwavyo kwa kufuata mteremko wa kilima. Wakipsigis hawakuchanganya mambo mawili. Walijua nani amezaa na walijua nani ni mume, nao hawakuona haja ya kuyafanya kuwa jambo moja.

Sayansi yatuambia kwamba katika chembe za mwili wa binadamu zimo kromosomu, na kwamba kwa kawaida mwanamke ana mbili za namna ya X na mwanamume ana moja ya X na moja ya Y. Hili ni kweli Roret kama lilivyo kweli London. Lakini maumbile yenyewe si mwandishi nadhifu kama vitabu vya shule. Wako watoto wachache wazaliwao na viungo au chembe zisizoangukia upande mmoja wazi. Kiswahili kimekuwa na neno kwa ajili yao tangu zamani: huntha. Vitabu vya sheria ya Kiislamu vina mlango mzima juu ya mirathi ya huntha, kwa maana sehemu ya mwana na ya binti si sawa, na kadhi hana budi kujua amhesabu vipi. Ona jinsi swali hili la mwili na jina linavyopenda kuzuka penye urithi! Watu huweza kuishi na shaka miaka mingi, mpaka siku ya kugawana.

Katika Kenya jambo hilo lilifika Mahakama Kuu ya Nairobi, iliyotoa hukumu mwaka 2014 kwa kesi ya mtoto ambaye hospitalini, mahali pa kuandika kama ni wa kiume au wa kike, paliandikwa alama ya kuuliza. Jaji Isaac Lenaola aliiagiza Serikali itafute njia ya kuwaandikisha watoto wa namna hiyo. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuwa na nafasi kwa ajili yao kwa mara ya kwanza, na watu 1,524 walihesabiwa katika nchi nzima. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inawataja na kuwalinda. Huntha hakubuniwa na mahakama wala na karani wa hesabu, alikuwapo. Kilichobuniwa ni fomu yenye nafasi mbili tu.

Basi yatupasa tuwe waangalifu kila mtu anapotuambia, "Hivi ndivyo maumbile yanavyotaka." Kwa wasichana wetu neno hili lilikuwa na makali yaliyo dhahiri. Desturi ilisema kwamba msichana asiyekeketwa ni mtoto, hawezi kuwa mwanamke, hawezi kuolewa. Wengi waliamini kwamba ndivyo mwanamke anavyofanyika, nao hawakuwa watu wabaya. Walikuwa mama na nyanya waliowapenda mabinti zao. Lakini kisu hicho maumbile hayakukiagiza. Maumbile huendelea na kazi yake bila kisu, na kisu huacha maumivu, hatari wakati wa kuzaa, na mara nyingi mwisho wa masomo. Sheria iliukataza ukeketaji mwaka 2011. Katika uchunguzi wa afya wa mwaka 1998, wanawake 38 katika kila 100 wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Mwaka 2022 walikuwa 15. Wale ambao hawakukeketwa wamekuwa wanawake, wameolewa, wamezaa, wamekuwa walimu na wauguzi. Kanuni ile iliyosemwa kuwa ya mwili ilikuwa ya watu, na watu wameanza kuiacha.

Sasa turudishe chai katika vilima. Kati ya miaka ya 1930 na 1950 Wakipsigis walianza kuizungushia ardhi ua, kila mtu kwake, na baadaye ardhi ikapimwa na kuandikwa. Mpaka miaka ya 1950 chai ya Kericho ilikuwa mmea wa makampuni ya wageni. Kisha wakulima wadogo nao wakaruhusiwa, na mwaka 1964 likaundwa shirika la KTDA la kuwakusanyia na kuwauzia majani. Mali ikahama kutoka zizini kwenda shambani. Watu waliliona hilo na kulifurahia. Lakini jambo moja lilipita kimya kimya. Ng'ombe walikuwa wa nyumba, na nyumba ilikuwa ya mke. Hati ya shamba haikuijua nyumba. Ilikuwa na mahali pa jina moja, na jina lililoandikwa, karibu kila mara, lilikuwa la mwanamume. Ulinzi ule ambao desturi ilimwekea mama katika ng'ombe wa nyumba yake haukuandikwa katika hati. Hivyo kanuni ya zamani, kwamba mwanamume ndiye mwenye kushika, ilivuka na kuingia katika karatasi. Lakini kizuizi cha zamani kilichompunguza mwanamume nguvu kiliachwa ng'ambo. Mwanamke alibaki na kikapu cha chai mgongoni, na malipo yakaenda kwa jina lililo katika hati.

Sheria za nchi zilichukua muda kulitazama jambo hilo. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, haikutenganisha mwana na binti katika mali ya mzazi aliyekufa bila wasia. Watu wengi hawakuisikia, na baadhi ya waliosikia walijifanya hawakusikia. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufani, katika kesi iliyotoka Uasin Gishu kwa ndugu zetu hao hao wa Kalenjin, ilikataa mgawanyo uliowapa mabinti sehemu ndogo kuliko ya kaka zao. Ilikuwa imesemwa kwamba mabinti wanaweza kuolewa na kupata ardhi kwingine. Majaji wakasema kwamba hiyo si sababu ya kuwapunja. Kisha Katiba ya mwaka 2010 ikaandika kwamba ubaguzi wa wanawake katika mambo ya ardhi uondolewe.

Linganisha njia hizi mbili. Desturi ilimwambia mwanamke mwenye mali: kuwa mwanamume. Sheria ya sasa inamwambia binti: baki binti, uchukue fungu lako. Ya pili ni bora, nami siogopi kusema hivyo mbele ya wazee, maana haimlazimishi mtu kukiri uongo juu yake mwenyewe ili apewe haki. Tena haimhitaji msichana maskini wa nyumba nyingine aje kuzaa kwa niaba ya mtu. Mabinti watatu wa yule mama asiye na mwana wangalikuwa wameitosha nyumba yake tangu mwanzo, kama kanuni ingalikuwa imewaona.

Hata hivyo ndoa zilizokwisha kufungwa zipo, na watoto wake wako madarasani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 yasema kwamba ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke. Mke wa mama mzee, aliyelipiwa ng'ombe mbele ya mashahidi na kuzaa watoto wanne katika nyumba ile, anasimama wapi siku mama mzee akifa? Hukumu ya Mombasa ya mwaka 2011 ilimpa jibu mjane mmoja. Mwingine wa Roret au wa Sotik atasikia kwanza sauti za wana wa mke mwenza, ambao sasa hawamwiti mama mzee mwanamume tena. Wanamwita mwanamke, kwa kuwa jina hilo ndilo liwafaalo, nao wanamwita mkewe kibarua. Shamba la ekari tatu za chai si ng'ombe wa kuswagwa usiku kwenda kwa wajomba. Mjane huyo hulazimika kutafuta wazee waliokula harusi yake, kama bado wako hai, na barua ya chifu, na nauli ya kwenda kortini Kericho. Na mtoto wake anapokuja kuandikishwa shule, karani huuliza jina la baba, naye hulitaja jina la mzee aliyekufa kabla yeye hajazaliwa. Huku bibi aliyemlipia mama yake mahari ameketi nje kwenye benchi, ameshika ada mkononi, akingoja kuitwa.